Tulifika Maziwe tukakuta maji matupu: je, nahodha alitutapeli?

"Mtaalamu, mimi na mume wangu ni watu wa Singida. Agosti tulikwenda Ushongo, Pangani, wiki nzima, Ijumaa hadi Ijumaa. Ndiyo ilikuwa fungate yetu, tuliichelewesha kwa sababu ya ujenzi. Usiku tuliofika mwezi ulikuwa mzima juu ya bahari, sijawahi kuona kitu kama kile. Kisiwa cha Maziwe tulikiweka siku ya mwisho ili tumalizie na kile tulichokifuata. Nahodha alitusihi twende Jumapili au Jumatatu, tukakataa. Alhamisi mume wangu akataka tuondoke saa 1 na nusu asubuhi kwa sababu programu ya simu yake ilionyesha maji yatakuwa chini kabisa 2:12. Nahodha alinung'unika lakini akatupeleka. Tulifika tukakuta maji matupu na mawimbi. Akasema tusubiri 'mpaka mchana'. Nilitapika mpaka nikalia, tukarudi. Bei ilikuwa shilingi 180,000, tulishatoa 90,000. Mume wangu akakataa kumalizia. Siku ile hatukusemezana vizuri, na mpaka leo Pangani ikitajwa mmoja wetu anainuka. Kisiwa kipo kweli? Tulitapeliwa? Mimi nataka turudi Desemba, yeye hataki kusikia. Halafu Jumatano, siku moja kabla ya safari ile, nilikanyaga kile kinyama cheusi cha miiba kwenye mwamba. Mwezi sasa, kisiginoni kuna kijinundu, nikivaa viatu kinauma."

Dada yangu, pole. Umeuliza mambo mengi na kisigino umekitaja mwisho, lakini mimi naanza nacho, maana hicho hakisubiri Desemba.

Miiba ya mnyama yule, ambaye kwa Kiingereza huitwa sea urchin, ni ya chokaa, tena myepesi kuvunjika. Ukimkanyaga, inaingia na kukatikia ndani. Vipande vidogo vidogo mwili huvimaliza wenyewe au huvisukuma nje, na weusi unaobaki kwenye ngozi siku za mwanzo mara nyingi ni rangi tu, si mwiba. Lakini kinundu kigumu kinachouma baada ya mwezi mzima ni habari nyingine. Huenda kuna kipande kimebaki na mwili umekizungushia uvimbe. Usikichokonoe kwa sindano wala wembe, na usimruhusu mtu yeyote akukamue. Nenda hospitali, na ukifika umwambie daktari wazi kwamba ulikanyaga mnyama wa baharini mwenye miiba, kwa sababu daktari wa Singida hana sababu ya kulifikiria jambo hilo asipoambiwa. Anaweza kutaka picha ya eksirei, na muulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Ukiona pamekuwa pekundu na pa moto, pametoa usaha, au umepata homa, basi usingoje hata kesho.

Kwa siku nyingine, na kwa wasomaji wengine: ukichomwa, dawa ya maumivu iliyo karibu zaidi ni maji ya moto. Tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto lake upime kwa mkono au kwa mguu mzima, maana mguu unaouma haupimi vizuri. Habari za kumwagia mkojo ziache huko huko zilikotoka. Na juu ya mwamba usitembee peku, hata kama wenyeji unawaona wanatembea.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Hamkutapeliwa. Maziwe ipo, na mlifikishwa mahali penyewe hasa. Mlifika tu saa ambayo haionekani.

Shemeji anisamehe, lakini naanza na simu yake. Ile 2:12 aliyoisoma si saa mbili ya asubuhi. Programu hizi huandika saa za kizungu, na pembeni ya tarakimu huweka herufi mbili ndogo, PM, ambazo mtu aliyeamka alfajiri na hamu ya safari hawezi kuziona. 2:12 PM ni saa 8 na dakika 12 mchana. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa, yaani kushuka hadi chini kabisa, ni saa 6 na dakika 12 hivi. Rudi nyuma kutoka saa 8 na dakika 12 uone unafika wapi: saa 2 kamili asubuhi, maji yamejaa pomoni. Mmeondoka saa 1 na nusu, mwendo wa nusu saa na zaidi kwa mashua ya injini, mmefika kilele cha maji kujaa. Hata mngefanya kusudi msingepiga hesabu ya kukikosa kisiwa kwa usahihi namna ile. Kosa hili si la shemeji peke yake. Nimewaona watu wa Dar es Salaam wenye elimu zao wakilifanya, na wageni kutoka Ulaya hawalifanyi kwa sababu tu hawana saa yetu ya Kiswahili kichwani.

Lakini simu ni nusu ya habari. Hata mngeisoma vizuri, Alhamisi ile haikuwa siku ya Maziwe, na nahodha alilijua hilo tangu usiku mliofika, kwa kuutazama mwezi ule ule ulioutazama wewe.

Maziwe si kisiwa kwa maana ya Unguja au Mafia. Ni fungu la mchanga lililokaa juu ya mwamba wa matumbawe, kilomita nane hadi kumi kutoka pwani kutegemea unapoanzia. Zamani ilikuwa kisiwa hasa. Wazee wa Pangani wanaikumbuka ikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Palitangazwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na pasipo mizizi ya kuushika mchanga, maji yakijaa yakawa yanapita juu. Wengine hulaumu waliokata miti, wengine hulaumu mawimbi, na ubishi huo ukiuanzisha kwenye baraza ya Pangani utakunywa kahawa mpaka adhana ya isha. Kasa hawajapasahau. Wakitaga pale, mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, yaani huko huko mlikolala, kwa sababu yakiachwa yatafunikwa na maji na kuharibika. Kwa hiyo jamaa akikwambia amefika Maziwe hakuona kisiwa, na mwingine akakuonyesha picha ameketi juu ya mchanga mweupe chini ya mwavuli, wote wawili wanasema kweli.

Kinachoamua utaona nini ni mwezi. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na dunia inapojizungusha pwani yetu hupita kwenye maji yaliyojaa mara mbili kwa siku, na kwenye maji yaliyopwa mara mbili. Mwezi nao hautulii, kila siku umesogea mbele kidogo, ndiyo maana saa za maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Hapo ndipo watu wa bara wanapokosea: wanadhani kama jana maji yalitoka saa 5, basi na keshokutwa ni saa 5. Siyo. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka kabisa, saa ya kupwa imekuwa saa ya kujaa.

Jua nalo huvuta, ingawa kwa nguvu ndogo. Mwezi ukiandama au ukitimia, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja, na mvuto wao huongezana kama wavuvi wanaokokota wavu upande mmoja. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na kwenye pwani ya Tanga tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita tatu na nusu na kuzidi. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta pande tofauti, maji hayajai sana wala hayatoki sana, na tofauti hubaki mita moja na kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Bamvua halifiki kilele usiku ule ule mwezi unapotimia. Hufika siku moja au mbili baadaye.

Pwani yetu ina bahati moja ambayo watu wengi hawaijui. Wakati wa bamvua maji hupwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kila bamvua, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana utawaona akina mama wamefunga kanga viunoni wakielekea mwambani kuchokoa pweza asubuhi jua limeshapanda, siku chache mfululizo, kisha wanapotea wiki nzima. Wakulima wa mwani nao wanafuata saa hizo hizo. Hawatazami simu. Wanahesabu siku tangu mwezi uandame: mwezi mosi hadi mwezi tatu ni bamvua, mwezi kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua, mwezi nane na tisa ni maji mafu, mwezi ishirini na mbili na ishirini na tatu ni maji mafu tena.

Sasa weka siku zenu juu ya hesabu hiyo. Ijumaa mmefika, mwezi umetimia. Jumapili maji yalipwa karibu na saa 5 na nusu asubuhi, bamvua likiwa kileleni. Mngeondoka Ushongo saa 3 na nusu, mngelikuta fungu linaanza kuchomoza, mngekaa mpaka saa 7, mkarudi mkala chakula cha mchana. Jumatatu karibu hivyo hivyo, imesogea kidogo. Jumanne bado ingefaa. Alhamisi mwezi umeshaingia ishirini, maji yanapwa saa 8 mchana na hayatoki sana, huenda yalibaki karibu mita moja juu zaidi ya yalivyokuwa Jumapili. Mngeona kichwa cha fungu, kidogo, kwa muda mfupi. Na mngerudi alasiri na upepo wa kusi wa Agosti umeshachachamaa, mawimbi yanaipiga mashua ubavuni, mtu wa kutapika angetapika kwenda na kurudi. Kwa hiyo yule nahodha alipowasihi Jumapili au Jumatatu hakuwa na haraka ya pesa. Pesa angezipata Alhamisi pia, na alizipata, nusu yake.

Shemeji ana utetezi mmoja nao si wa bure. Ni kweli kwamba asubuhi mapema bahari hutulia kuliko alasiri, na mtu asiyezoea mashua hufaidika akitoka mapema. Alichokosa ni kwamba utulivu wa upepo na kupwa kwa maji ni vitu viwili, na kazi ya kupanga safari ya Maziwe ni kuipata siku ambayo hivyo viwili vimekutana. Vinakutana kwenye bamvua.

Nahodha naye simtakasi. Chomboni kauli ni ya nahodha. Akijua abiria wanakwenda kukuta maji, na kwamba kungoja mpaka fungu litoke ni zaidi ya saa tatu za kuyumba baharini, alipaswa kukataa, au angalau kuwaambia kwa sauti: tukienda saa hii hamtaona kitu, mnataka twende hivyo hivyo? Kunung'unika si maelezo. Kusema "mpaka mchana" kwa mtu anayetapika si maelezo. Najua kwa nini hakukataa: mafuta ni ghali, na amezoea kwamba mgeni akiambiwa "haiwezekani" anakwenda kwa mwingine. Nawafundisha manahodha wa mashua ndogo kila mara kwamba mteja unayemkatalia Alhamisi hatakuchukia kama yule uliyempeleka, na bado wanashindwa. Kurudi kwenu, hata hivyo, kulikuwa uamuzi sahihi. Mtu anayetapika kwenye jua hapungukiwi na raha tu, anapungukiwa na maji mwilini.

Kuhusu zile 90,000: mpelekeeni. Najua wapo watakaosema mgawane hasara, kwa kuwa na yeye ana lake. Nimelipima, siafiki. Mlikodi mashua, mafuta na mtu wa kuwafikisha Maziwe saa mliyoichagua ninyi, na alifanya hivyo. Mafuta yaliungua kwenda na kurudi, mchanga uwe umeonekana au haukuonekana. Itumeni kwa simu na ujumbe mfupi, bila hotuba. Naamini pia itashusha joto nyumbani, maana kwa unavyoandika, kinachowainua kwenye kiti Pangani ikitajwa si kisiwa tu, ni kule kutazamana mkijua mtu ameondoka ufukweni bila haki yake. Lakini hilo ni la ninyi wawili, mimi ni mtu wa maji. Ikiwa hata baada ya kulipa mnashindwa kulizungumza, tafuteni mtu mzima mnayemheshimu wote akae nanyi.

Kuna jambo la kupanga ambalo naliona kwa wanandoa wengi wanaokuja pwani yetu. Kilicho kizuri wanakiweka mwisho. Bahari haijui siku yako ya mwisho ni ipi. Jambo linalotegemea maji na upepo liwekwe siku ya kwanza inayofaa, ili likikwama libaki na siku za akiba. Siku za mwisho ziachieni vitu visivyotegemea bamvua. Na msidhani maji mafu ni siku za kufa: kwa kuogelea Ushongo ndizo bora, kwa sababu maji hayakimbii mbali na ufukwe. Bamvua likitoka, unaweza kutembea ukitafuta bahari ilipo. Alhamisi ile asubuhi, maji yakiwa yamejaa, mngeweza kuogelea mbele ya chumba chenu, au kupanda Mto Pangani kwa mashua kati ya mikoko na minazi.

Desemba, basi. Kama likizo yenu inaweza kusogea, msianze na tarehe za basi wala za hoteli. Angalieni kwanza mwezi unaandama lini na unatimia lini, kisha mfike siku hiyo au kesho yake. Hata siku nne zinatosha mkifanya hivyo, na Maziwe iwe siku ya pili. Programu ya simu itumieni, ni kitu kizuri, ila ichagueni Tanga kama mahali na muiweke saa ya tarakimu 24, ili saa 8 mchana isomeke 14:00 na hakuna wa kubishana na mwenzake. Desemba upepo ni wa kaskazi, na asubuhi mara nyingi hupitika. Siku moja kabla sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, hakuna bamvua wala bei iliyopunguzwa itakayowafaa.

Wewe mwenyewe, kwa kuwa unatapika: usiende na tumbo tupu, wala usiende umeshiba mihogo na mchuzi wa nazi. Keti katikati ya mashua kuelekea nyuma, tazama mbali pale mbingu na bahari zinapokutana, usitazame simu. Kuna vidonge vya kichefuchefu cha safari, humezwa kabla ya kuondoka. Mwulize mfamasia, na kama una ujauzito au unatumia dawa nyingine mwambie daktari huyo huyo wa kisigino. Jaketi la kuokolea livae likiwa limefungwa kabla mashua haijasukumwa, ujue kuogelea au usijue, na nahodha asiyekuwa na jaketi la kila abiria umwache hapo hapo ufukweni. Ulizeni pia kiingilio cha hifadhi kama kimo ndani ya bei au kinalipwa kando, na mdai risiti. Mkiwa juu ya fungu msiokote kombe wala kipande cha tumbawe. Ni eneo tengefu, vinabaki vilipo.

Ikiwa likizo haisogei na imeangukia maji mafu, Maziwe isahauni safari hiyo. Shemeji akishikilia kwamba hapandi tena mashua kwenda kwenye kitu kinachozama, mpelekee pendekezo la Kisiwa cha Toten, mbele ya bandari ya Tanga mjini. Kipo mwezi uwe nusu au mzima, kina magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, na kutoka ufukweni ni safari fupi. Ila kumpigia yule nahodha wa Ushongo kumuuliza lolote, kwanza pesa yake iwe imeshafika.